Divai ya Bei Poa na Mlenda wa Mamboya

Watu wengi ninaowafahamu hunywa waini wakiwa na njaa, kisha huilaumu waini. Harusini chupa hufunguliwa kabla sinia la pilau halijafika. Kwenye baa huletwa na vipande vya barafu, na mnywaji hana hata karanga mkononi. Bia tumeijulia mahali pake, iko kando ya nyama choma na kachumbari. Pombe ya mtama na mahindi, ile ya wazee wetu wa Ukaguru, ilikuwa nusu kinywaji nusu uji. Aliyeinywa alikuwa amekula. Waini ndiyo tumeinywa peke yake, tukakunja uso, tukasema hiki ni kinywaji cha akina dada, au cha wazungu, au cha watu wenye hela.

Mimi kuinywa nilijifunzia Mamboya, na anayeijua Mamboya atacheka. Ni sehemu ya milima ya Ukaguru, kaskazini mwa wilaya ya Kilosa, ukishapita Dumila kuelekea Gairo. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Mpwapwa na Ugogo ilipita huku. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 askari wa Sultan Barghash wa Zanzibar, chini ya Mwingereza Lloyd Mathews, walipiga kambi hapa, na wamisionari wa Kianglikana wa CMS wakajenga kituo chao. Mmoja wao, J. T. Last, alichapisha kitabu cha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Walituachia vitabu, shule, nyimbo za sauti nne, na msimamo mkali juu ya pombe. Nyumbani kwetu divai ilikuwa na kazi moja tu, nayo ilikaa kwenye kikombe cha Ushirika Mtakatifu. Ukiionja ukiwa mwanakipaimara mpya unaona ni tamu kuliko ulivyodhani, basi, imeishia hapo, unarudi kwenye benchi.

Upande wa pili wa milima mambo yalikwenda kinyume. Mapadri wa Kikatoliki kutoka Italia waliokuwa Bihawana, nje kidogo ya mji wa Dodoma, walipanda mizabibu katikati ya karne iliyopita, kwanza kwa ajili ya altare. Zabibu ikaipenda nchi ya Wagogo, nchi kame yenye jua kali na mvua za msimu mmoja. Leo wakulima wanaivuna Hombolo, Mpunguzi, Mvumi na Makutupora, ambako serikali ina kituo cha utafiti wa zao hilo. Na kwa kuwa Dodoma hakuna baridi ya kuulaza mzabibu kama Ulaya, mkulima akiukata matawi unachipua upya, kwa hiyo huvuna mara mbili kwa mwaka: mavuno ya kwanza Februari na Machi, mengine Agosti na Septemba. Jirani zetu hawa wana kitu ambacho Mfaransa hana, nasi tunapita na basi tukinunua zabibu za kula dirishani.

Aliyezileta chupa nyumbani ni binamu yangu, dereva wa lori. Hubeba mahindi ya Kibaigwa kushuka Dar es Salaam, na akipata siku ya kupumzika hulala kwetu. Alianza na chupa moja aliyopewa na tajiri yake sikukuu ya Krismasi, akaiweka mezani mbele ya mjomba. Mjomba ni mwalimu mstaafu, na kwa Wakaguru, tunaofuata ukoo wa mama, mjomba si mtu wa kumkwepa. Akaigeuza ile chupa, akasoma maandishi yote mpaka anwani ya kiwanda, akasema, "Mpwa wangu, hii ni divai au dawa ya kikohozi?"

"Onja kwanza, mjomba."

"Sionji kitu kisicho na kiwango cha kusahihishia."

Ndivyo mtihani wetu ulivyoanza. Mjomba alitoa madaraja aliyoyazoea: Daraja la Kwanza, la Pili, la Tatu, la Nne, na Ziro. Kila chupa ina karatasi mbili. Karatasi ya kwanza inafanywa bila chakula, funda mbili tatu. Karatasi ya pili inafanywa chakula kikiwa mezani, chakula chenyewe kile tunachokula siku zote, bila kupikiwa kitu cha wageni. Karatasi ya pili ndiyo yenye alama nyingi. Bei ya chupa isizidi shilingi 20,000, maana mjomba alisema chupa ya bei ya mbuzi haina haja ya mtihani, ina haja ya kuombewa. Na chupa zote zivikwe gazeti na kufungwa kwa uzi, asiyefunga ndiye anayemimina.

Hilo la gazeti lilikuwa langu. Nilikuwa nimesoma habari ya Paris, tarehe 24 Mei 1976, pale mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier alipowakalisha majaji wa Kifaransa waonje waini za Ufaransa na za California bila kuambiwa ipi ni ipi. Majaji wakazipa California ushindi, nyekundu na nyeupe, na baadhi yao hawakufurahi kabisa walipooneshwa chupa. Nikasema kama jina la chupa liliweza kuwadanganya mabingwa wale, sisi wa Mamboya tutapona vipi? Na kweli. Binamu, ambaye kila siku huapa kwamba waini ya Afrika Kusini ni baba lao, aliwahi kuipa ya Dodoma Daraja la Pili, na ya Afrika Kusini la Tatu. Gazeti lilipovuliwa akadai mmiminaji amechanganya bilauri.

Chupa iliyonifundisha zaidi ni nyekundu drai ya Dodoma, ile ya kawaida inayopatikana karibu kila duka la vinywaji barabarani. Karatasi ya kwanza ilikwenda vibaya. Ulimi ulikauka, mashavu yakavutwa ndani. Kwa Kiswahili tuna neno zuri la hali hiyo, ukakasi, na ukakasi hautoki kwenye pombe, unatoka kwenye ganda na kokwa za zabibu, ambazo huachwa ndani ya juisi wakati wa kuchachusha ili waini ipate wekundu. Unashikana na ute wa mate, kwa hiyo mdomo unapoteza ulaini wake. Mjomba aliandika "Nne", akapigia mstari.

Kisha ikaja sahani ya mbuzi. Alikuwa mbuzi wa kuchoma polepole, mbavu zenye mafuta, chumvi ya kutosha, ndimu, hakuna kingine. Mjomba akatafuna, akanywa funda kutoka bilauri ileile aliyoikataa. Akanyamaza. Akatafuna tena, akanywa tena. Ule ukakasi ulikuwa umepata kazi ya kufanya: ulishikana na mafuta na nyama badala ya kuushika ulimi, na chumvi ikaulainisha. Kilichobaki ni harufu ya tunda na uchachu kidogo unaosafisha kinywa kwa ajili ya mnofu unaofuata. Karatasi ya pili, Daraja la Pili. Tofauti ya madaraja mawili, na hakuna aliyeigusa waini yenyewe.

Basi tukaanza kuzijaribu sahani zetu moja moja, na hapo ndipo utamu wa jambo hili ulipo, kwa sababu vitabu vya waini havijaandika habari za mlenda.

Mlenda ni chakula kigumu kwa waini. Unateleza, unafunika ulimi wote, na ukiwekewa karanga unakuwa mzito zaidi. Nyekundu drai juu yake ilikuwa msiba. Ukakasi na utelezi havikai nyumba moja. Iliyofaulu ni nyeupe drai, iliyopoa sawasawa, yenye uchachu wa kuonekana. Inakata utelezi, inaacha ulimi umeamka. Ugali, mlenda wa karanga na waini nyeupe baridi: mimi ninaupa Daraja la Kwanza mlo huo, hata kama mjomba aliishia la Pili kwa sababu, alisema, nyeupe inamkumbusha maji ya betri. Samaki nao ni wa nyeupe. Binamu alileta perege wa Mtera waliokaushwa, tukawaunga kwa nyanya na nazi, tukajaribu nyekundu kwa ukaidi tu. Ilitoa ladha ya chuma, kama umeng'ata kijiko.

Kwa maharage ya nyanya na vitunguu, chakula cha siku nne kati ya saba kwa watu wengi, nyekundu nyepesi isiyo na makuu inatosha. Nyanya ina uchachu wake, kwa hiyo waini isiyo na uchachu ikikaa karibu nayo inaonekana imelala. Hapa ndipo waini ya boksi kutoka Afrika Kusini inapojipatia heshima. Wenye kujikweza huicheka. Lakini mle ndani ya boksi kuna mfuko unaosinyaa kadiri unavyomimina, hewa haiingii, na waini hukaa wiki kadhaa baada ya kufunguliwa bila kuharibika. Chupa ukiifungua, kesho yake imeanza kuchoka; keshokutwa ni ya kupikia. Kwa familia ambayo mtu anakunywa bilauri moja na chakula cha jioni, boksi ni hesabu nzuri, hata kama bei yake ya jumla inatisha dukani. Gawanya kwa bilauri ndipo useme ni ghali.

Pilipili ni kesi nyingine. Siku moja tulikuwa Mikumi, pale malori yanapopumzika kwenye barabara ya Iringa, tukala mishkaki yenye pilipili kichaa. Tulikuwa na nyekundu drai. Pilipili na pombe vikawashana, koo likawa moto mtupu, na ukakasi ukaongeza uchungu. Dawa ya pilipili ni sukari. Kwa hiyo kitimoto cha kukaanga chenye pilipili, au kuku wa chachandu, mpe waini tamu, yaani switi. Na tukitaja switi tumeitaja Dompo.

Najua wapo watakaokunja uso. Dompo ni waini ya Dodoma, tamu, nyeusi inayoelekea zambarau, iliyoongezewa nguvu, na imenywewa sana na watu wa kawaida kiasi kwamba wanaojiita wajuzi hawataki kuonekana nayo. Mjomba aliipa Daraja la Kwanza ikiwa imevaa gazeti, na hakuirudisha nyuma gazeti lilipovuliwa. Mimi naungana naye, kwa masharti mawili. Bilauri iwe ndogo, kwa sababu ina nguvu kuliko waini ya kawaida na utamu wake unaficha hilo. Na iwe na kitu chenye chumvi au pilipili, au iwe ya kumalizia mlo na karanga za kukaanga. Wareno wana kinywaji chao cha jamii hiyo, port, wanakinywa baada ya chakula kwa heshima zote na kukiuza dunia nzima. Sisi cha kwetu tunakinywa saa tano asubuhi kwa tumbo tupu, kisha tunasema kina ulevi mbaya.

Mtu ambaye sijamtaja bado ndiye jaji bora tuliyekuwa naye. Mama mdogo ni mwanakwaya, hanywi na hatanywa. Yeye ndiye aliyepika karibu kila kitu nilichokitaja hapa. Alikaa pembeni na bakuli lake la mchele akichagua mawe, akitucheka, mpaka siku alipochukua bilauri ya binamu akainusa tu.

"Hii imeungua," akasema.

"Mama mdogo, waini haipikwi."

"Sijui inafanywaje. Lakini hii imekaa motoni."

Ilikuwa kweli. Chupa hiyo tulikuwa tumeinunua kwenye duka fulani bondeni, ambalo sitalitaja, na ilikuwa imesimama kwenye kabati la kioo linalotazama jua la mchana. Kizibo kilikuwa kimeinuka kidogo, na pembeni yake kulikuwa na mstari mkavu wa waini iliyovuja. Harufu yake ilikuwa ya tunda lililochemka likasahauliwa. Chupa ya jina lilelile, iliyotoka kwenye ghala lenye kivuli Dodoma na kusafiri usiku chini ya kiti cha lori, tulikuwa tumeipa Daraja la Pili.

Tangu hapo nimebadili namna ya kununua, na kama kuna jambo moja ningependa msomaji alichukue kwenye habari hizi ni hili: waini za bei nafuu katika nchi yetu huharibiwa na rafu kabla hazijaharibiwa na kiwanda. Zinapita kwenye makontena, kwenye malori, kwenye maduka yenye bati bila dari. Joto likishapita nyuzi 30 kwa siku nyingi, waini inazeeka mbio. Hewa inaingia, na bakteria wanaogeuza pombe kuwa siki wanapata nafasi. Kwa hiyo mimi naangalia chupa kabla ya bei. Kizibo kimeinuka? Acha. Kiwango cha waini shingoni kiko chini kuliko cha chupa jirani? Acha. Chupa ya mbele inayopigwa na jua ina vumbi? Mwombe muuzaji ya nyuma, ya chini kabisa, au ya kwenye katoni ambayo haijafunguliwa. Kifuniko cha kuzungusha si dalili ya uduni. Kwa barabara zetu ni salama kuliko kizibo. Na nunua duka lenye wateja wengi, maana chupa zake hazikai.

Joto la kunywea nalo lina uongo wake. Utaambiwa nyekundu inywewe kwa joto la chumba. Chumba gani? Maneno hayo yalitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya, ambako chumba ni nyuzi 16 au 18. Chumba cha Kilosa mjini mwezi wa Januari ni tanuri, na nyekundu ya nyuzi 30 inanuka pombe tu. Itie kwenye friji nusu saa. Kama hakuna friji, iviringishie kitambaa kibichi uiweke kivulini penye upepo. Maji yakikauka yanaondoka na joto, ni kanuni ileile ya mtungi. Mamboya yenyewe, Julai, watu wakiwa wamejikunja kwenye masweta, chupa ya mezani haihitaji chochote. Nadhani ndiyo sababu nyingine waini ilinipendeza huko nikiwa mtu mzima, ilhali ileile niliyoinywa ukumbini Morogoro ilinichukiza.

Juu ya bei, mtu huuliza kwa nini baadhi ya waini za nyumbani ni rahisi. Sehemu ya jibu ni ushuru: waini yenye zabibu za ndani kwa zaidi ya asilimia 75 inatozwa ushuru mdogo kuliko ya kutoka nje. Sera hiyo ina maana, kwa sababu Dodoma kuna wakulima ambao hukosa mnunuzi msimu ukiwa mzuri. Soma basi karatasi ya nyuma ya chupa. Binamu hudhani kila kinywaji chekundu chenye picha ya zabibu ni waini. Vingine ni maji, sukari na ladha, na mjomba huvirudisha bila kuvifungua, kama mtahiniwa aliyekuja bila kitambulisho.

Ile chupa iliyoungua ilipata Ziro karatasi zote mbili, hata kwa mbuzi. Binamu alitaka kuimwaga. Mama mdogo akamnyang'anya, akaimimina kwenye dumu dogo na kuifunika kwa kitambaa chepesi ili hewa ipite, akaiweka jikoni nyuma ya magunia. Baada ya muda ikawa siki kamili, kali, yenye rangi ya kupendeza. Akailoweshea mbuzi pamoja na tangawizi na kitunguu saumu tangu usiku, na kesho yake nyama ilikuwa laini hata mjomba, mwenye meno machache, aliomba ubavu wa tatu.

Akauliza nyama imewekwa nini. Akaambiwa. Akalitafuta daftari lake la matokeo, akavaa miwani, akaifuta ile Ziro kwa mstari ulionyooka na kuandika pembeni: Daraja la Tatu, mtahiniwa wa kujitegemea.